Mshono Ulioachwa Wazi

Saa moja kasoro robo asubuhi, mke wa Fundi Kola alikuwa amepiga magoti mbele ya mumewe kama mtu anayeomba msamaha, akimfunga suruali. Alipomaliza alisimama, akachukua shati, akatanguliza mkono wa kulia, maana ndio uliokufa na maiti hutangulizwa. Kisha akaingiza wa kushoto, kisha akaanza vifungo. Vilikuwa saba. Fundi alitazama dari muda wote huo. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyewafunga watu vifungo: mabwana harusi, mahakimu, hata marehemu wawili watatu ambao kwa bahati hawakulalamika kwamba koti linabana. Sasa alifungwa yeye, kama mtoto wa chekechea anayesubiriwa na basi la shule.

"Suruali hii imekuwa pana," mkewe alisema.

"Kitambaa hulegea kikifuliwa."

"Vidole vinne, Fundi?"

"Kitambaa cha bei rahisi."

Mkewe hakubishana. Alikuwa na jambo jingine la kubishania, na hakutaka kumaliza pumzi mapema.

"Mkuu wa dobi ameniuliza tena jana. Anataka jibu kabla ya Jumamosi adhuhuri. Nikikubali, Jumatatu naanza."

"Saa ngapi vile?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Nimekwambia mara nne."

Fundi alijua. Alitumaini tu kwamba saa ikiulizwa mara nyingi huenda ikachoka na kubadilika.

Mkewe alifua mashuka hospitalini, ng'ambo ya barabara, akiwa kibarua. Mwisho wa mwezi vibarua wote wangeachishwa, ila yeye alikuwa ameteuliwa kusimamia zamu ya alfajiri, kazi ya kudumu, yenye karatasi na mhuri. Ilikuwa ama hiyo, ama kukaa nyumbani watazamane. Kikwazo kilikuwa suruali. Siku hizi aliingia kazini saa tatu, baada ya kumvalisha mumewe, na saa sita alitoroka mara moja kuja kumsaidia haja na kumfunga tena. Zamu ya alfajiri haina kutoroka. Msimamizi akitoroka, nani atamsimamia?

"Kidomo yupo," alisema. Kidomo alikuwa binti yao wa miaka kumi na tisa, na jina hilo hakulipata kwa kunyamaza.

"Kidomo ni binti yangu."

"Ndiyo maana nasema yupo."

"Siku binti yangu atakaponifunga zipu, uniletee na sanda. Anifunge vyote siku moja."

"Basi utakaa na shuka."

Mkewe alijuta kabla neno halijafika chini. Shuka ilikuwa imejaribiwa. Miezi mitatu iliyopita Fundi alijifunga shuka kiunoni akatoka peke yake kwenda chooni, na alipofika katikati ya ua, penye bomba, penye foleni ya ndoo kumi na moja na wenyewe, fundo likafunguka. Mkono mmoja ulitakiwa kuchagua kati ya shuka na fimbo. Ulichagua fimbo, kwa hesabu kwamba kusimama uchi ni nafuu kuliko kuanguka uchi. Watu walikuwa wastaarabu. Kila mmoja aliitazama ndoo yake kana kwamba ina samaki ndani. Tangu siku ile Fundi hakupita tena penye bomba, na akaanza kutumia ndoo humo chumbani, ambayo mkewe aliitoa nje akiifunika kwa gazeti.

Na kichwa nacho kiligoma. Huyu ndiye aliyebuni ile kola iliyompa jina, ambayo ncha zake hulala zenyewe bila kubembelezwa na pasi. Zamani alikuwa akimtazama mtu barabarani, nguo inakuja kichwani imeshakatwa. Tangu kiharusi, miezi kumi na moja sasa, haikuja hata leso. Vitambaa vya wateja alivirudisha kimoja kimoja. Cherehani ilibaki pembeni imefunikwa, na juu yake mkewe aliweka birika.

"Nitamjibu siwezi," mkewe alisema, akichukua mkoba wake. "Basi, yaishe."

Fundi alichukia kwamba moyo wake ulipata nafuu.

*

Alasiri hiyo, Alhamisi, wapangaji waliigiza mchezo uani. Upepo ulikuwa umeezua mabati mawili ya choo, na mwenye nyumba alisema atashughulikia, neno ambalo kwake lilikuwa namna ya kuaga. Ikaamuliwa wafanye mchezo wa kiingilio, watu wa mtaa waje wacheke, bati zipatikane. Kidomo aliutunga, akauongoza, akashona mavazi, na akaigiza mpangaji mwanamke. Ilibaki kidogo ajikatie tiketi mwenyewe.

Wanaume wawili walioahidi kuigiza walikumbuka asubuhi hiyo kwamba wana misiba mbali. Kwa hiyo Bomba, kijana fundi mabomba wa chumba cha mwisho, alipewa nafasi zote tatu za kiume na kike zilizobaki: mwenye nyumba, askari, na bibi kizee. Bahati nzuri watu hao hawakukutana hata mara moja katika mchezo. Kidomo alikuwa ameuandika upya saa tano asubuhi kuhakikisha hilo.

Pazia lilikuwa mashuka mawili ya hospitali yaliyochakaa, yameanikwa kwenye kamba ya nguo, na kamba ikainuliwa kwa mti uliochimbiwa chini. Mti ulichimbiwa mbele kabisa ya dirisha la Fundi. Watu sitini waliutazama mchezo kwa mbele. Fundi peke yake aliutazama kwa nyuma, na si kwa kupenda. Alitaka kufunga dirisha, lakini komeo lake lilihitaji mikono miwili.

Kwa hiyo hakuona ukumbi. Aliona kiti chenye rundo la nguo, kopo la maji, na Bomba aliyevaa tumbo la mto akijiombea dua. Alisikia vicheko kutoka upande wa pili. Mwenye nyumba alipoingia na kusema "nitashughulikia," watu walicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Mambo yaliharibika Bomba aliporudi nyuma ya pazia. Mti ulikuwa umechimbiwa na mtu asiyejua kuchimba, nao ukaanza kuinama. Kidomo alikuwa ameushikilia, na sasa zamu yake ya kutoka mbele ilifika.

"Shika," alinong'ona.

"Na nguo?"

"Nina sentensi nane. Ukisikia 'nitakwenda wapi,' toka."

Akatoka. Bomba akabaki ameushika mti kwa mkono wa kulia, maana ndio uliokuwa karibu. Akauachia kujaribu, pazia likashuka dhiraa nzima, akaudaka tena. Akatazama sare ya askari juu ya kiti. Akatazama mbinguni. Akamwona Fundi dirishani.

"Fundi, usitazame. Hii aibu."

"Mimi na aibu tumezoeana. Vaa, mwanangu, sentensi ya pili hiyo."

Bomba akalivua shati la mwenye nyumba kwa mkono wa kushoto peke yake. Lililia krrr ubavuni, kama viatu vya watoto vile vya utepe wa kunata. Akalichukua la askari, akalirusha kichwani likapita shingoni, mkono wa kushoto ukatafuta njia yake, na upande wa kulia ukaanguka wenyewe juu ya mkono ulioshika mti, kama kitambaa kinavyofunikwa juu ya kapu. Chini ya kwapa na ubavu mzima ulikuwa wazi. Hapakuwa na mshono. Palikuwa na vipande vya utepe tu, kifundoni, kiwikoni, kwapani na kiunoni, na Bomba akavibana kimoja kimoja kwa kidole gumba cha kushoto. Vifungo vya mbele, vyote sita vya shaba, vilikuwa vya kutazamwa tu. Suruali ilikuwa ya lastiki. Akaivuta kwa mkono uleule, upande huu, upande ule, ikapanda.

"Nitakwenda wapi," Kidomo alilia huko mbele.

Askari alikuwa tayari. Kidomo akarudi nyuma ya pazia, akaupokea mti, askari akatoka kwa kishindo.

Fundi alikuwa amesimama bila fimbo. Hakujua alisimama saa ngapi. Mtu mwenye mikono miwili mizima alikuwa amevaa kwa mmoja, mbele ya macho yake, kwa sentensi nane. Bomba aliporudi kuwa bibi kizee, Fundi alitoa kichwa nje ya dirisha.

"Geuka huku. Nionyeshe kwapa."

"Fundi, mchezo unaendelea."

"Inua kiwiko nione. Hapo. Utepe wa kiwiko umekaa juu mno, utamkwaruza mtu. Haya, vaa."

Upande wa pili watu walipiga makofi, mchezo ukaisha, mpangaji akashinda, jambo linalowezekana michezoni. Fundi hakusikia. Kichwani mwake nguo ilikuwa imekuja. Haikuwa ile ya Bomba. Ilikuwa shati la kweli, la buluu hafifu, lenye kola yake mwenyewe, ubavu mmoja umeachwa wazi kwa makusudi na pindo likiufunika usionekane. Ilikuja nzima, na suruali yake, kama zamani. Ilibidi akae chini.

*

"Ulitutazama?" Kidomo aliuliza, akiingia na rundo la nguo. Jasho lilikuwa limemchora masharubu.

"Niliona migongo."

"Tulikuwaje?"

"Mshono kama njia ya kuku. Vifungo umevibandika kama kunguni ukutani. Kola sitaisema, wafu hawasemwi."

Kidomo alicheka hadi akakaa kitandani. Kwa miezi kumi na moja baba yake hakuwa ametukana kitu chochote kwa hamu namna hiyo.

"Na huu ubavu, mbona wazi?"

"Sikuwahi kumaliza, baba. Saa ziliniishia. Nikabandika utepe wa viatu ili mradi. Kesho nitaushona."

"Usiushone."

"Nini?"

"Usiushone. Lete chaki."

Mkewe aliporudi aliwakuta wanachora ukutani. Mistari ya Fundi, kwa mkono wa kushoto, ilikwenda kama mlevi anayetafuta mlango, na Kidomo aliifuata nyuma akiinyoosha.

"Kodi hatujalipa na ukuta tunachora," alisema mkewe.

"Ni nguo ya mtu anayevaa mwenyewe," Fundi alisema. "Mkono mmoja. Bila kifungo, bila zipu. Umeshamjibu mkuu wako?"

"Hakuwepo leo."

"Usimjibu mpaka Jumamosi."

Mkewe aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Kwake ilionekana kama samaki aliyepasuliwa.

"Na ukiniaibisha?" aliuliza polepole. "Niseme ndiyo, halafu Jumatatu nikuache hapa na ndoo?"

Fundi alichukua kitambaa cha buluu kilichobaki kabatini, alichokiweka kwa ajili ya koti lake la uzeeni, akamsukumia Kidomo.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya vipimo, na hapa inabidi kueleza desturi ya karakana ya Fundi Kola, maana ndiyo iliyowaponza.

Fundi alipima, Kidomo aliandika. Kipimo kilitajwa kwa sauti, na karakana ilikuwa barazani, watu wanapita. Sasa mama wa watu mwenye kiuno cha sentimita mia na kumi na tano hataki barabara nzima ijue. Fundi alikuwa akitaja "tisini na tano," kwa sauti ya kawaida kabisa, na Kidomo, bila kuinua macho, aliongeza ishirini na kuandika mia na kumi na tano. Walikiita kipimo cha heshima. Hakuna mteja aliyewahi kuulizia, na nguo zilikaa vizuri, na akina mama walisema Fundi ana mkono mwepesi.

Sasa mambo yaligeuka. Aliyepima ni Kidomo, aliyeandika ni Fundi, kwa mkono wa kushoto, akitoa ulimi nje. Hakuwahi kupimwa maisha yake yote. Mashati yake aliyakata kwa kumbukumbu.

"Kifua," Kidomo alisema. Utepe wa kupimia ulionyesha tisini na moja. Mashati yake ya zamani yalikuwa ya mia na nne. Alimwona baba yake ameinamia karatasi, shingo imekuwa nyembamba kama ya ndege. "Mia."

"Mia," Fundi aliandika. "Nimepungua kidogo."

"Kidogo tu. Mkono wa kushoto, thelathini na mbili." Akahamia wa kulia. Alikuwa hajaushika tangu ulipokufa. Ulikuwa mwepesi na wa baridi, na utepe uliuzunguka mpaka ishirini na tano. "Thelathini na moja."

"Karibu sawa," Fundi alisema, na uso wake ukang'aa. "Daktari alisema utanyauka. Madaktari wanapenda kutisha watu. Na mabega?"

Bega la kulia lilikuwa limeshuka vidole vitatu.

"Sawasawa," Kidomo alisema.

Mtu anaweza kuuliza mbona Fundi hakuligundua hilo, yeye aliyeibuni desturi yenyewe. Jibu ni kwamba kipimo cha heshima kilikuwa cha viuno vya akina mama, si cha fundi mwenyewe. Tena uongo mtamu una watu wawili, anayeusema na anayeuomba.

Ijumaa yote na Jumamosi asubuhi cherehani ililia. Kidomo alishona, Fundi alimkaripia, Kidomo alinuna, Fundi akamkaripia kwa kununa. Birika lilipata mahali pengine pa kukaa. Jumamosi saa tano na nusu mkewe alisimama mlangoni, mkoba begani, akaliona shati juu ya meza: buluu, limenyooka, na ile kola.

"Litafaa?" aliuliza.

"Nimewahi kushona lisilofaa?"

Akavuka barabara akasema ndiyo. Mkuu wa dobi alimwambia aweke sahihi sehemu tatu, naye aliweka zote.

*

Jumapili baada ya kula Fundi akajaribu shati. Walikuwepo mkewe, Kidomo, na Bomba, aliyeitwa kama mtaalamu.

Alikaa mezani, akaulaza mkono wa kulia juu ya meza, akalirusha shati kichwani. Likapita. Mkono wa kushoto ukaingia. Mpaka hapo Bomba alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika kama kocha. Upande wa kulia ukaanguka juu ya mkono uliolala, na hapo mambo yakagoma. Bega la shati lilikuwa juu, la mtu lilikuwa chini, kati yao kukawa na pango. Utepe wa kwapani ulikutana na kiwiko. Wa kiunoni haukukutana na kitu. Nguo ilikuwa kubwa, ikazunguka, kila alipobana hapa ikafunguka pale, krrr, krrr. Alijaribu mara sita. Mara ya saba kidole kikateleza, akajipiga mdomoni.

Hakuna aliyesogea. Mkewe alikuwa amejishika mikono yote miwili isiende.

"Nguo nimeikata sawa," Fundi alisema. "Niliikata kwa vipimo." Akatazama daftari, akatazama mkono wake juu ya meza, kisha akamtazama binti yake, ambaye kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusema.

"Kidomo. Umenipima kama mteja."

"Baba, nili..."

"Umenipigia hesabu ya heshima. Mimi."

"Ulikuwa unafurahi," Kidomo alisema. "Nilitaja mia ukafurahi. Ningefanyaje?"

"Kesho mama yako anaondoka kabla ya saa kumi na moja," Fundi alisema. Alisema taratibu, na ndiyo maana ilitisha. "Ameweka sahihi kwa sababu nilimwambia sijawahi kushona lisilofaa. Unajua atakayekaa humu ndani na ndoo ni nani? Unajua atakayeitoa?"

"Nitaitoa mimi. Sioni aibu."

"Mimi naona."

Bomba alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kwa adabu.

"Kaa," Fundi alimwambia. "Na mlango uache wazi." Nje, penye bomba, foleni ya alasiri ilikuwa imeanza, na ndoo ziligongana. Fundi akajivuta akasimama, akashika ukingo wa meza. "Chukua utepe. Nipime tena. Taja kwa sauti ya karakana."

"Baba, watu wanasikia."

"Ndiyo."

Kidomo akaupitisha utepe kifuani.

"Tisini na moja."

"Sikusikia."

"Tisini na moja."

Ndoo za nje zilinyamaza. Mkewe aliketi, akalichukua daftari na kalamu bila kuambiwa.

"Mkono wa kushoto, thelathini na mbili." Kidomo akahamia upande wa pili. "Wa kulia, ishirini na tano."

Fundi alifumba macho. "Endelea."

"Bega la kulia limeshuka sentimita tano. Kiuno... kiuno sabini na sita. Zamani tisini na mbili."

"Zamani hujaulizwa. Paja?"

Alitaja yote, moja baada ya jingine, na mkewe akaandika yote kama yalivyo. Mwisho Fundi alifumbua macho, akalitazama daftari kama mtu anayesoma barua ya ndugu aliyepotea siku nyingi.

"Mwili gani huu," alisema. "Hakuna fundi ambaye angeukataa. Una kazi." Kisha, "Fumua. Anza na bega. Mke wangu, shika hapa kitambaa kisiteleze. Bomba, wewe sukuma gurudumu, unakula bure."

Shati liliisha jua likiwa bado kwenye bati za jirani. Lilikaa. Suruali haikuwahi kujaribiwa, maana ilipofika pindo la mwisho Kidomo alikuwa anashona amefumba jicho moja, na mama yake akasema inatosha, mtu alale.

*

Jumatatu saa kumi mkewe aliamka, akatawadha, akavaa sare mpya yenye kitambulisho kifuani. Fundi alikuwa ameketi kitandani, nguo zake magotini.

"Nikusubiri?"

"Ukinisubiri hutaondoka. Nenda."

Akafika mlangoni, akarudi, akamsogezea fimbo karibu, akafika tena mlangoni. Nyuma yake alisikia krrr ya kwanza, kisha kimya, kisha Fundi akapumua kwa nguvu. Mkono wa mkewe ulikuwa juu ya komeo. Aliuona ule mkono wake mwenyewe unavyotaka kurudi ndani, akautoa nje pamoja na mwili wote, akafunga mlango. Alivuka barabara akilia kidogo, na mlinzi wa lango akamwambia, "Msimamizi, siku ya kwanza tu machozi?" Akajibu kwamba ni vumbi. Vumbi saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, baada ya mvua.

Kidomo, aliyelala chumba cha pili na ameapa kutoingia mpaka aitwe, alistahimili hadi saa moja. Hakuitwa. Akabisha, akaingia.

Baba yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, amelowa jasho kama mtu aliyelima. Shati lilikaa bega kwa bega. Kitanda kilikuwa kimevurugika, kiti kimelala chali, taa ya mezani iko sakafuni, haikuvunjika. Ndoo ilikuwa kavu. Na suruali alikuwa ameivaa nje ndani. Mishono yote ilionekana, nyuzi zinaning'inia, na ule wa paja la kushoto ulikwenda mashariki na kurudi magharibi.

Kidomo alifungua mdomo.

"Najua," Fundi alisema. "Nimegundua ilipofika kiunoni." Akapitisha kidole kwenye mshono wa paja. "Hapa ulisinzia."

"Nikugeuzie? Dakika moja tu, baba. Nafumba macho."

"Imenichukua saa nzima na robo kuivaa. Ukiigeuza wewe, nitakuwa sijavaa. Nifungulie mlango."

Akatoka. Fimbo, mguu, fimbo, mguu, mpaka uani. Foleni ya asubuhi ilikuwa imefika, ndoo tisa. Fundi Kola, ambaye aliwahi kumrudisha bwana harusi nyumbani kwa sababu ya uzi mmoja wa kola, alipita katikati yao na nyuzi zake zote nje. Alikwenda hadi chooni, kwenye bati mbili mpya, akafunga mlango. Ilichukua muda. Watu walijaza maji polepole kuliko yanavyotoka. Kisha mlango ukafunguka akatoka, suruali iko palepale kiunoni, mkono wa kushoto uko kwenye fimbo.

Mwanamke wa chumba cha tatu, ambaye hajawahi kuona kitu akakiacha, hakuweza kuvumilia.

"Fundi, shikamoo. Samahani, suruali umeivaa kinyume."

"Marahaba," Fundi alisema, bila kusimama. "Kesho nitaivaa sawasawa. Leo nimeivaa mwenyewe."